Ziara ya soko la watumwa Mkunazini: nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya shangazi yangu

Nimekaa na hii rivyu wiki tatu naandika nafuta, maana nikiandika na hasira ntaonekana namwagia mchanga kitumbua cha kijana wa watu, na nikiandika kwa upole mtadhani niliridhika wakati sikuridhika. Bas leo naiweka ilivyo. Ni ziara ya kutembea kwa miguu Mji Mkongwe, ile wanayoiita ya historia ya utumwa, nusu siku, tulikuwa mimi na shangazi yangu tumetokea Tanga, tukalipa elfu 35 kila kichwa na kiingilio unajilipia mwenyewe pale getini (mtanzania beba kitambulisho jamani, usije ukalipa kama mzungu kwa uzembe wako). Kampuni siitaji. Nimeongea na wenzangu watatu waliotembezwa na watu wengine kabisa na wamesimuliwa vilevile neno kwa neno, kwa hiyo shida si kijana mmoja, shida ni simulizi lenyewe limeshakaririwa hivyo.

Nianze na mazuri. Kijana alifika Darajani saa tatu kamili kama tulivyokubaliana kwenye watsap, kavaa nadhifu, kamwamkia shangazi shikamoo kabla hata hajaniangalia mimi, akamuuliza magoti yanaendeleaje maana nlimwambia kabla kwamba mama ana magoti. Njiani akawa anamtafutia vibaraza apumzike. Papasi (wale vijana wanaong'ang'ania wageni mitaani) wote waliotufata aliwaondoa kwa maneno mawili matatu tu. Kwa hilo peke yake kampuni nyingi zingekuwa zimeshafeli. Kundi letu lilikuwa watu tisa, wengine wanafunzi wa chuo kutoka Dodoma, na kaka mmoja Mkenya na mkewe wa Lamu ambaye kwa kweli ndo alikuwa anauliza maswali ya maana kabla yangu.

Eneo lenyewe wengi mnalijua hata kama hamjafika. Soko la watumwa lilikuwa hapo Mkunazini, likafungwa tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash aliposaini mkataba na Waingereza akiwa hana namna maana manowari zilikuwa zinamtishia kuifunga bandari, na Krismasi ya mwaka huohuo 1873 wamisheni wa Kianglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa kuu palepale sokoni. Askofu Steere ndo alilisimamia, kazikwa nyuma ya altare, yule yule aliyeshughulika na Kiswahili mpaka kukitafsiria Agano Jipya. Hapo kijana alikuwa moto kweli. Nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, msalaba wa mti uliotoka Chitambo ulikozikwa moyo wa Livingstone, duara jeupe la marumaru mbele ya altare linaloonyesha mahali wanaposema palikuwa na mti wa kuchapia watu viboko, na wekundu unaolizunguka ndo damu. Akasema asiyelia akichapwa bei yake inapanda kwa sababu ni mwanaume wa shoka. Wale wanafunzi wakashika midomo.

Yule mke wa Lamu akauliza, na mwanamke je, naye bei yake ilipandishwa kwa kutolia?

Kijana akacheka kidogo, akasema tutafika huko dada usiwe na haraka. Hatukufika.

Tukashuka kwenye vyumba vya chini. Ushauri wa bure: mtu mrefu atagonga kichwa, mwenye pumu asishuke na kundi, asubiri watoke kwanza, hewa ni ndogo na watu tisa tu tulikuwa tunatoka jasho mpaka mgongoni. Hapo kila mtembezaji ana namba zake, wanawake na watoto 75 chumba hiki, wanaume 50 chumba kile, na maji ya bahari yalikuwa yanaingia katikati. Mi niliwahi kusoma kwamba jengo la juu lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa na wapo wanahistoria wanaosema vile vyumba vilikuwa stoo tu. Sikulisema pale, watu walikuwa na machozi na mi si wa kuharibu. Ila hata kama namba ni za kukaririshwa, mbona mwenyewe anazitamka na hazisikii? Chumba kikubwa ni cha wanawake na watoto. Alafu saa nzima iliyopita na saa nzima iliyofuata watumwa wote waliosimuliwa walikuwa wanaume wenye minyororo shingoni, wanabeba pembe za ndovu, wanachapwa kwenye mti, wanakombolewa na Waingereza.

Nkauliza sasa. Nkamwambia kaka, hawa 75 wakishatoka humu walienda wapi.

Jibu lake naliandika lote. "Aa dada, wanawake walikuwa na afadhali bwana, wengi walichukuliwa masuria majumbani kwa Waarabu, wanakula wali kwa samli, wanalala kitanda cha samadari, wengine wakazaa masultani, wanaume ndo waliteseka mashambani." Watu wakacheka, ile cheko ya kupumua baada ya kubanwa. Kaka Mkenya akasema kumbe kuna mtu alikula bata. Shangazi hakucheka. Alikuwa kakaa kwenye lile benchi la zege, kashika kilemba chake, anaangalia ukuta.

Nieleze kwanini lilinichoma, nisionekane najifanya mwerevu. Kazi yangu ni msaidizi wa sheria, nakaa ofisini nasikiliza kesi za kina mama, kupigwa, kunyimwa matunzo, kuingiliwa na mwenye nyumba, kila siku. Kwa hiyo mtu akiniambia fulani alikuwa na afadhali, swali langu la kwanza si alikula nini. Swali langu ni hivi, akikosewa anaenda kwa nani, anasema nini, na nani anamwamini. Na kwa suria wa Unguja (mjakazi aliyechukuliwa na bwana wake kitandani bila ndoa) jibu lipo, limeandikwa, halihitaji kukisiwa.

Mjakazi alikuwa ni mali. Bwana wake akimtaka kitandani hakuna ndoa, hakuna mahari, hakuna kuulizwa, na wala haingii kwenye hesabu ya wake wanne, anaweza kuwa nao kumi au sitini. Kumwingilia mjakazi wako mwenyewe halikuwa kosa, kwa hiyo neno kubaka kati ya bwana na mjakazi wake halikuwepo kisheria hata mtu angetaka kulitumia. Najua wengine mtanijia juu hapa na kusema mbona hamsemi mazuri, nayasema basi: sheria ilimtaka bwana amlishe na amvishe, na suria akimzalia bwana mtoto, yule mtoto ni huru na anarithi kama watoto wa bi mkubwa, na mama haruhusiwi kuuzwa tena na bwana akifa anakuwa huru. Hiyo ilikuwepo na iliwasaidia wengi. Ila iangalieni vizuri kama mnavyoangalia mkataba wa kupanga nyumba. Yote inaning'inia kwenye ulimi wa mwanaume mmoja. Akisema mtoto ni wangu, sawa. Akisema siye wangu? Mtoto anabaki mtumwa maana mtoto wa mjakazi anafuata mama, na mama anaweza kupelekwa sokoni na ujauzito wake wa pili. Na hakuna aliyeshuhudia isipokuwa wajakazi wenzake wa mle ndani, na kwa Mashafii (madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani) ushahidi wa mtumwa ulikuwa haupokelewi kwa kadhi. Yaani nyumba nzima imeona na nyumba nzima haina mdomo. Mi kesi kama hizo nazijua, mashahidi ni housigeli na mtoto wa miaka sita, lakini leo angalau nawapeleka mahakamani wakasikilizwa.

Tena bwana mwenyewe si tatizo pekee, wanawake matajiri walimiliki wajakazi na wao, na bi mkubwa mwenye wivu ndani ya nyumba yenye kuta nene kama zile za Mji Mkongwe hakuhitaji ruhusa ya mtu kumwadhibu kijakazi. Milango ile yenye misumari tunayopigia selfi, nani aliingia ndani kuangalia.

Na kabla hajafika hata kwenye hiyo nyumba. Mwaka 1811 alipita hapa nahodha Mwingereza anaitwa Smee, enzi hizo soko halijahamia Mkunazini, akaandika alichoona: watu wanapangwa kwa kimo, wamepakwa mafuta ya nazi wang'ae, wasichana wamepambwa vipuli na bangili, alafu wanunuzi wanawafungua midomo kuhesabu meno na wanawashika mwili mzima hadharani, matiti na kwingine. Na akaandika tena, kwamba ana kila sababu ya kuamini wafanyabiashara karibu wote waliwalazimisha wale wasichana kulala nao kabla ya kuwauza. Hilo ndilo jibu la dada wa Lamu. Bei ya mwanamke haikupanda kwa kutolia. Ilipanda kwa umri, kwa sura, na kwa kwao ni wapi, Mhabeshi ghali, Mcherkesi (wa huko milima ya Kaukasi) ghali zaidi, wa kutoka Nyasa na Uyao bei ya chini na jembe juu. Na huyu wa bei ya chini ndo yule ambaye habari ya samadari haimhusu kabisa, alikuwa mashambani kwenye karafuu sawasawa na wanaume, akirudi jioni anatwanga.

Mi nilitegemea angalau watutajie Swema. Ni jina moja ambalo tunalo, tunalijua, ni msichana mdogo wa Kiyao wa miaka ya 1860. Baba kafa, mazao yameliwa na nzige, mama akakopa mtama kwa jirani, deni likashindikana, aliyewadai akamchukua mtoto akamuuza kwa msafara wa kuelekea pwani. Mama akaufata ule msafara kwa miguu yake, akakubali na yeye awe mtumwa ili tu awe na mwanae, njiani akaishiwa nguvu akaachwa afe. Swema akafika Unguja yuko mahututi, mwenye mali akaona hasara tupu, wakamviringisha kwenye mkeka wakamfukia akiwa hai. Akasikika analia. Kijana mmoja aliyekuwa anapita akamfukua, wakampeleka kwa masista wa Kikatoliki hapahapa mjini. Aliyeandika habari yake ni padre, na padre ana lake, mwisho wake umejaa kusamehe mpaka unajiuliza huyu mtoto hakuruhusiwa kukasirika hata siku moja? Ila sehemu ya deni la mtama ile siwezi kuitoa kichwani. Mama mjane, hana kaka wa kumsimamia, mtoto wake anakuwa rehani. Kwetu kwenye ofisi tunaziita kesi za vikoba.

Sasa tukapanda juu kwenye lile shimo lenye sanamu, la msanii wa Sweden Clara Sörnäs, wamesimama watu watano chini ya usawa wa ardhi na nyororo ya kweli shingoni, wamo na wanawake. Hapa kijana alinyamaza akatuacha tuangalie. Nampa alama. Ni sehemu pekee ambayo ile kazi yenyewe iliongea na yeye akapumzika.

Alafu akaharibu tena kwenye kumalizia, na hapa ndo hasa nimeandikia rivyu. Akasema "kwa hiyo mwaka 1873 utumwa ukaisha Zanzibar". Jamani. 1873 lilifungwa soko na ikazuiwa kusafirisha watu baharini. Mtumwa wa ndani alibaki mtumwa, na biashara ikaendelea kwa kujificha, ndo maana wanakupeleka Mangapwani kwenye kile chumba cha chini. Utumwa kutotambulika kisheria ilikuja tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud, miezi michache baada ya Waingereza kuipiga ikulu kwa mizinga Agosti 1896 na kumkalisha yeye. Na hata hiyo haikusema wote mko huru nendeni. Ilisema anayetaka uhuru aende mwenyewe mahakamani aombe, na akishapata aonyeshe ana pa kukaa na kazi ya kumlisha, la sivyo anahesabiwa mzururaji. Mwenye mtumwa analipwa fidia. Aliyekuwa mtumwa halipwi kitu. Fikiria mwanamke aliyeletwa na miaka tisa, hajui njia ya kwao, hajui hata kwao panaitwaje, aende akaombe.

Na masuria? Masuria waliondolewa. Yaani sheria ya kufuta utumwa ikaandika kabisa kwamba suria yeye hesabu yake ni kama mke, abaki alipo, isipokuwa kama anaweza kuomba kuachana kwa sababu ya ukatili. Wakubwa wa Kiingereza walijitetea kwamba wakiwafungulia wale wanawake wataingilia nyumba za watu, na kwamba wataishia kuwa malaya. Wakamwita mke bila kumpa kitu hata kimoja cha mke. Mke ana mahari, mke ana walii, ana kwao pa kurudi akikasirika, ana wazee wa kumsemea. Huyu ana nini? Athibitishe ukatili. Nani anathibitisha, mwenzake anayelala chumba cha pili ambaye naye kesho anarudi kwenye nyumba ileile? Mi nimesomea haya mambo kidogo tu na bado nilipokuja kuelewa hiki kifungu nlikaa chini. Walikaa hivyo mpaka 1909. Miaka 12 baada ya wengine. Na hata baada ya hapo, mwenye watoto alikuwa anatoka kwenda wapi wakati watoto ni wa ukoo wa baba yao, unatoka wewe unawaacha wao.

Bara huku kwetu tusijisifu, Wajerumani walisema tu watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru, kufutwa kabisa ni 1922 chini ya Mwingereza. Pwani ya Kenya ni 1907. Watu wanadhani ni zama za mitume, 1922 bibi mzaa bibi yangu alikuwa ana watoto wawili.

Ndo tukafika kwa shangazi. Tumetoka tumekaa nje kwenye kivuli tunakunywa maji, shangazi akamwita kijana, akamwambia kaa hapa mwanangu. Akamuuliza unajua kwanini bibi zetu hawakupenda kaniki? Kijana hajui. Akamwambia kaniki ndo ilikuwa nguo ya mjakazi, kitambaa cheusi cheusi hicho kimoja unajifunga kifuani, kichwa wazi, miguu wazi, huruhusiwi kujifunika kama waungwana, kwa hiyo walipoachiwa kitu cha kwanza walichokimbilia ni kanga ya maua na buibui, wakavaa mpaka ndani ya nyumba. "Nyinyi mnasema wanawake wanapenda nguo." Sisi asili yetu Pangani, na mji ule ulikuwa na watumwa wengi wa mashamba ya miwa, na nyumbani kwetu yupo bibi mmoja ambaye kwenye kuhesabu ukoo ukimfikia watu wanaruka. Wanasema alikuja na bwana. Kaja na bwana kutoka wapi, baba yake nani, hamna. Shangazi akasema mama yake akiulizwa alikuwa anajibu "alikuwa mzalia, ishia hapo", yaani mtumwa aliyezaliwa hukuhuku, na siku moja tu alipokuwa mgonjwa akaongeza kwamba yule bibi watoto wake watatu wa kwanza hawakuwa wa mumewe na mumewe alijua na hakuwa na la kusema kwa sababu yeye pia alikuwa mtumwa wa bwana yule yule. Shangazi ana miaka 71. Mi nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza, pale nje ya kanisa la watu, mbele ya mtembezaji wa elfu 35.

Kijana alinyamaza alafu akasema kitu kidogo, kwamba hata Siti binti Saad jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Kweli kabisa, Siti alipewa baadae ukubwani. Nkamwambia sasa mbona hilo unalijua na hukulisema mule ndani? Akasema wageni hawaulizi.

Jioni kuna kipande cha pili cha ziara, Forodhani mpaka kwenye ikulu ya zamani, na hapo stori ni Bibi Salme binti Said, mapenzi yake na Mjerumani, kutoroka 1866, Hamburg, baridi, watoto, machozi. Watu wanaipenda na mimi naipenda. Ila mama yake alikuwa nani? Jilfidan, suria wa Kicherkesi, alitekwa akiwa mtoto vitani, wazazi wake wakauawa, akaletwa Unguja bado mdogo. Stori ya mapenzi ya mtoto inachukua nusu saa, ya mama hata dakika haifiki. Na Salme mwenyewe alipoandika kumbukumbu zake 1886 aliutetea utumwa wa kwao, akisema usilinganishwe na wa Marekani. Mtoto wa suria aliyekulia ikulu aliona wali na samadari. Kwa hiyo yule kijana hakuitoa hewani ile hadithi yake, imerithiwa, ina miaka zaidi ya mia na ilianzia ndani ya zile zile nyumba.

Aside kidogo alafu nimalize. Kwenye boti ya kurudi Dar tulikaa na binti wa miaka kama 23, anaenda kushughulikia safari ya Maskati kufanya kazi za ndani, wakala keshamwambia pasi yake ya kusafiria atakaa nayo mwajiri. Shangazi akamuuliza ukigombana nao unaenda kwa nani. Akasema ntapiga simu nyumbani. Shangazi akaangalia baharini mpaka tunafika. Najua si kitu kimoja, binti analipwa na anaenda kwa hiari yake, usije kunipigia kelele. Ila swali lilikuwa lilelile nililokuwa nauliza tangu asubuhi.

Haya, ya vitendo. Nendeni asubuhi mapema kabla meli za watalii hazijashusha watu, ile maonyesho ya picha na maelezo iliyopo hapohapo msiipite mbio, tulipewa dakika 15 na haitoshi, dai saa nzima kabla hujalipa. Vaa viatu vya kuvua upesi na kanga ya ziada kwa kina mama. Chakula hakimo kwenye bei ijapokuwa tangazo linasema kimo, tulipewa juisi ya ukwaju na urojo wa kikombe kidogo, nlipouliza wakasema "ni vionjo". Risiti niliomba mara mbili. Kama una muda siku ya pili nenda mwenyewe Mbweni, kuna magofu ya shule ya wasichana waliokombolewa majahazini, wamisheni walinunua eneo lile 1871, hakuna kelele na kunafikirisha zaidi ya Mkunazini.

Na mtembezaji wenu muulizeni mambo mawili tu, masuria waliachiwa mwaka gani, na kwanini si ule wa wengine. Wetu hakujua, lakini aliandika 1909 nyuma ya risiti (ndo mara ya pili hiyo nlipoiomba), na wiki iliyopita kanitumia voisi noti kwamba amewasimulia kundi la Wajerumani na bibi mmoja wa kwao kamuuliza kama masuria nao walilipwa fidia, amjibu nini. Nkamjibu. Usafi na muda nyota moja, heshima kwa wazee nyota moja, ya tatu ni ya shangazi na si ya kampuni. Wakiitoa ile ya wali kwa samli narudi kuongeza ya nne.